Ufagio wa Saa Kumi na Mbili na Nusu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Umekuja! Siku ishirini na sita hujaligusa daftari hili, Zamda. Ishirini na sita — nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani. Ulidhani herufi zitakaa kukungoja? Tazama unavyoandika sasa, mistari inapanda kama basi la Lushoto. Aibu! Mwanamke wa miaka sabini na moja. Shule hukuiona hata kwa dirisha. Mjukuu wako Rukaya kakufundisha miaka miwili, a-e-i-o-u nyuma ya fotokopi zilizoharibika. Halafu unakwenda Handeni kuvuna mahindi, daftari unaliacha Korogwe chini ya godoro. Usirudie.

Haya. Nimerudi. Mahindi yamepatikana, si haba. Mgongo sina.

Rukaya kanipokea stendi. Kakonda! Nikamwambia hapo hapo mbele ya watu, umekuwa kama mlingoti wa mkonge, unakula kweli wewe? Kacheka. Kasema, "Bibi, shikamoo kwanza." Kweli. Hata salamu sikumpa nafasi.

Duka lake liko pale pale, Kwamndolwa. Fotokopi, picha za paspoti, kuprinti, na kompyuta moja — ya kazi yake na ya wateja wanaotaka intaneti. Kiti changu nimekikuta nyuma ya kaunta. Hajakikalia mtu. Mtoto mzuri yule.

Adhuhuri yeye huenda kuswali na kula, mimi nalinda. Watu wanadhani nalinda tu. Wangejua! Anwani ndefu siziwezi, lakini nimegundua njia yangu. Unabonyeza herufi moja. Mashine inakumbuka kila kilichowahi kutafutwa kwa herufi hiyo, inakitundika chini kama nguo kwenye kamba, wewe unachagua. H — hali ya hewa Handeni. M — mafuta ya mgongo.

S ni yangu mwenyewe.

Leo nimebonyeza S. Yupo. Kaweka picha mpya, kafunga kilemba cha njano, anapamba keki ya harusi ya watu huko Babati. Uso umepungua. Nikafunga haraka kabla Rukaya hajarudi.

Binti yangu. Nilizaa mmoja tu akakua, ndiye huyo. Mama yake Rukaya. Jina lake halitajwi nyumbani kwangu. Nilisema mwenyewe, na silitaji. Hata hapa.

Jumatano, 16 Julai

Leo nimechekesha duka zima.

Mimi nikiona neno nalisoma kwa sauti. Sijui kusoma kimya. Bango, mfuko wa sukari, fulana ya mtu kifuani — nalisoma! Rukaya huniambia, Bibi, soma kwa macho. Namwambia macho yangu yamekaa kimya miaka sitini na tisa, yaache yaseme.

Basi adhuhuri nipo kwenye kiti, nikabonyeza S. Kumbe juu ya ile yangu kuna nyingine mpya. Nikaisoma: "Singida… chumba… cha kupanga… bei nafuu." Na chini yake: "Singida shule ya msingi kuhamisha mtoto." Nikapiga kelele, jamani, nani anahamia Singida! Huko si kuna upepo na alizeti tu! Watu wakacheka. Palikuwa na mzee wa vitambulisho, wasichana wawili, na Bernadina fundi cherehani aliyekuja kutoa fotokopi ya cheti cha mwanawe.

Bernadina naye kacheka. Halafu kaniuliza, jana hapo alikaa nani, Bibi? Nikasema jana umeme ulirudi jioni, alikaa Asnath peke yake, saa nzima.

Kaondoka kasahau cheti chake kwenye mashine. Nimekiweka kwenye droo.

Alhamisi, 17 Julai

Rukaya kaniuliza asubuhi, chai haijapoa. "Bibi, jana ulisoma nini?"

Nikamwambia. Nikacheka tena. Yeye hakucheka.

"Bibi. Asnath kwao Singida."

Najua, nikasema.

"Na Bernadina ni wifi yake."

Chai ile sikuimaliza.

Jumamosi, 19 Julai

Asnath kaja. Nilimwona tangu ng'ambo ya barabara. Nikajipanga kutukanwa. Nilitaka anitukane.

"Shikamoo, Bibi." Ndicho alichosema kwanza. Shikamoo! Kama kisu.

Watoto wake wawili wamepelekwa Mkumbara kwa mama mkwe. Emiliana wa miaka sita na yule mdogo anayenyonya kidole. Mumewe Yordani kawapakia Alhamisi jioni kwenye pikipiki, mmoja mbele mmoja nyuma. Kamwambia mkewe: Singida unaijua njia, nenda, ila peke yako.

Hakuja kwangu, kaja kwa Rukaya. Kamuuliza kwa sauti ndogo, "Mimi nilifunga. Nilibonyeza ile alama ya kufunga kabisa. Nilidhani nikifunga kinafutika."

Rukaya kasema hakifutiki. Kinabaki mpaka mtu akifute kwa mkono. "Huwa nafuta ya wateja jioni, dada. Siku ile umeme uliporudi kulikuwa na foleni ya fotokopi, nikasahau."

Asnath kakaa kwenye benchi. Halafu kanitazama mimi. Hakukasirika, hilo ndilo baya. Kasema: "Sikuwa nimeamua, Bibi. Nilikuwa naangalia tu. Mtu haruhusiwi kuangalia?"

Niliinuka kwenye kiti changu. Nikazunguka kaunta.

Nilimshika mkono. Hakuutoa, ila haukuwa na nguvu. Mkono kama nguo iliyolowa.

Jumapili, 20 Julai

Sijala. Rukaya kapika mlenda anaojua siukatai. Nimeukataa.

Nimewaza siku nzima. Watu wanakuja pale dukani na mambo yao. Yule anatafuta dawa ya ugonjwa ambao hata mkewe hajui. Yule anatafuta kazi na bosi wake ni jirani yetu. Msichana anatafuta kama siku zake zikichelewa maana yake nini. Wanakaa kwenye kiti kile kwa sababu simu zao zinashikwa na waume, na kaka, na mama. Wanadhani kiti kile ni cha siri. Wakiinuka, mambo yao yanabaki pale pale yananing'inia, anakuja bibi kizee mwenye herufi mbichi anayasoma kwa kipaza sauti.

Kosa ni langu. Sitaigawia mashine. Mashine haina wifi.

Ila nimemuuliza Rukaya: kwa nini ufute kwa mkono? Mkono unasahau. Ukiumwa je? Ukiwa na foleni je? Uwanja wa nyumba anafagia anayeamka kwanza, lakini nyumba isiyo na mtu je? Hakuna namna ikajifagia yenyewe?

Kasema ipo. Fundi Mbaruku anaweza kuipanga ifute kila siku saa ile ile, mtu awepo asiwepo.

Nikasema aje. Hata leo!

"Leo Jumapili, Bibi."

Basi Jumanne. Asipokuja nitamfuata na bakora.

Jumanne, 22 Julai

Siku ndefu. Naanza na adhuhuri.

Nilibonyeza S kama kawaida. Sikutazama mengine, sasa nimejifunza, nafunika kwa kiganja nikishuka. Nikaingia kwake. Hakuna keki. Picha moja tu ya mikono yake, imeshikana. Maneno chini yake nimeyasoma kwa macho — mara yangu ya kwanza kusoma kimya, ndiyo hiyo. "Jumatatu ijayo naingia upasuaji Arusha. Uvimbe. Niombeeni jamani, na mlionikasirikia pia."

Na mlionikasirikia pia.

Nilisoma mara tatu. Nilitaka kujua uvimbe wa wapi. Haukuandikwa. Rukaya akaingia, nikafunga, nikasema joto leo.

Alasiri kaja Mbaruku. Kipara kinang'aa, mkoba umejaa nyaya. Nikamwambia umechelewa, mimi nimezeeka nikikungoja. Kasema, "Bibi, wewe ulizeeka kabla umeme haujaletwa Korogwe, usinisingizie." Mjinga huyo. Nampenda.

Kafungua dirisha jeusi kwenye mashine, kaandika mistari kama minane hivi, herufi nyeupe. Nilimwambia anieleze kama anavyomweleza mtu mzima. Kaeleza vizuri. Kuna vitu vitatu. Kwanza historia, yaani orodha ya kila ulikopita. Pili mafaili ya muda: mashine ikifungua ukurasa inajiwekea vipande vya picha na maandishi pembeni, ili kesho ifungue upesi, navyo vinajaa kama makapi ghalani. Tatu, kule ambako mtu ameingia kwa neno lake la siri akasahau kutoka. Vyote hivyo vitafagiwa saa kumi na mbili na nusu kila jioni. Na kila mashine inapozimwa. Rukaya akisahau, yenyewe haisahau. Umeme ukikatika, ukirudi inaanza kwa kufagia.

"Haimwulizi mtu?" nikasema.

"Haimwulizi. Ukiipanga imepangwa. Ndiyo uzuri wake."

Halafu kageuka, kidole kipo juu ya kitufe. Kasema, kabla sijamaliza, kuna chochote humu mnataka kisifutwe? Naweza kukiacha nje.

Rukaya alinitazama. Mimi nikamtazama Rukaya.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna," Rukaya naye kasema. Pamoja. Kama watu wanaoitikia dua.

Mimi niliwaza: herufi ninazo, nitaliandika jina mwenyewe pale juu, S na zinazofuata, nani atanizuia. Mbaruku kabonyeza. Nilidhani kutakuwa na mlio. Hakukuwa na mlio.

Jumatano, 23 Julai

Adhuhuri. Nilibonyeza S. Kamba tupu! Hakuna nguo hata moja.

Nikafurahi kwa ajili ya Asnath. Kweli nilifurahi.

Halafu nikaandika mwenyewe. Kidole kimoja, herufi moja moja, jina lake na keki na Babati. Likatokea. Nikabonyeza. Badala ya kunifungulia ikanijia na mlango: andika namba ya simu, andika neno la siri. Nikabonyeza pembeni. Mlango. Nikarudi nyuma, nikaingia tena. Mlango!

Rukaya aliporudi nikamwuliza kwa mbali, kama naulizia mvua. Mbona mashine inaomba maneno ya siri siku hizi?

"Kile kitu cha Mbaruku, Bibi. Inatoa watu wote nje. Hata mimi imenitoa kwenye akaunti ninayotangazia duka, kila asubuhi sasa itabidi niingie upya." Halafu akauliza, polepole: "Kwani ulikuwa unaingia wapi?"

Nikasema nilikuwa naangalia mafuta ya mgongo.

Kaniangalia. Kasema haya.

Nimekuja kukaa hapa uwanjani, nachambua mboga, ndipo limeniingia. Akaunti ya duka. Mimi sijawahi kuwa na akaunti yoyote. Sikuwahi kuandika jina lile kwenye mashine kabla ya leo. Mara ya kwanza kabisa nilikuwa natafuta sabuni, nikabonyeza S, mashine ikanitundikia binti yangu. Nikadhani ni bahati. Nikadhani Mungu.

Nani aliliandika, Zamda? Nani alikuwa na neno la siri?

Mwaka mzima nimepita kwenye mlango wa Rukaya. Yeye anakwenda kumtazama mama yake nikiwa sipo, mimi nakwenda kumtazama mwanangu yeye akiwa hayupo. Tunapishana pale kizingitini. Na kila jioni tunakula sahani moja.

Basi na lile la Jumatatu analijua. Kukonda kule si njaa.

Ijumaa, 25 Julai

Nimekwenda Mkumbara. Sikumuaga mtu, niliacha tu uji jikoni.

Kwa Dorkasi, mama yake Yordani. Si mgeni kwangu. Tulianika singa za mkonge pamoja Ngombezi tukiwa wasichana, katani inaning'inia juani hadi macho yanauma, yeye na Kishambaa chake mimi na Kizigua changu. Nimemkuta anapepeta maharage. Emiliana yupo pembeni anaokota mawe, mdogo kalala kwenye gunia. Emiliana kaniamkia. Kaniuliza kama mama yake amekuja na mimi.

Sikuzunguka. Nikamwambia Dorkasi, nimekuja kusema kosa. Mkwe wako hakutoroka wala hakuamua, alikuwa anaangalia. Mdomo wangu ndio uliosoma, mdomo wangu ndio uliotaja jina lake. Ukitaka kumwadhibu mtu, nipo hapa. Watoto warudi kwa mama yao.

Dorkasi hakuacha kupepeta.

"Wewe, Zamda. Umekuja kwangu kunifundisha habari za mtoto na mama yake."

Nikasema sikuja kufundisha.

"Msiba wa Mhina nilikuwepo. Nilikaa jamvini Handeni siku tatu, mumeo nilimlia kama kaka yangu. Siku ya tatu binti yako kashuka kwenye basi, vumbi mpaka kwenye kope. Kachelewa, ndiyo. Kakuachia mtoto, kaenda kuolewa na Peter Mkristo bila kukuuliza, ndiyo. Wewe ukasimama kizingitini mbele ya watu wote. Nilikusikia. Mtoto wake wa miaka kumi na miwili kakushika gauni, na yeye akakusikia."

Halafu kalitaja. Jina. Lote, kwa sauti, katikati ya maharage.

Miaka kumi na moja sijalisikia kwenye mdomo wa mtu. Nilidhani litanichoma. Halikuchoma. Lilikuwa kama mtu ameniita kutoka chumba cha pili.

"Yuko wapi?" Dorkasi kaniuliza. Nikasema sijui. Nikasema Babati. Nikasema Jumatatu wanampasua Arusha. Sijui kwa nini nilimwambia. Kaweka ungo chini.

Kanipa chai.

Wakati wa kuondoka kasema: Asnath aje mwenyewe kesho, apumzike hapa, wakae wote. Yordani nitamkalisha mimi, ni mwanangu, simwogopi. Watoto wataondoka na mama yao, kwenda Korogwe au Singida, watakavyokubaliana. "Mimi mlango wangu siufungii mtu aliyenizalia wajukuu."

Hilo la mwisho lilikuwa langu. Nimelipokea.

Jumamosi, 26 Julai

Asubuhi nilikwenda kwa Asnath. Nikamwambia maneno ya Dorkasi kama yalivyo, sikuongeza hata chumvi. Kauliza mara mbili, kasema "aje mwenyewe"? Nikasema ndiyo. Kavaa viatu hajafunga hata mikanda. Alipofika mlangoni kageuka, kasema, "Bibi, na ile mashine sasa inafuta?" Nikasema inafuta, kila siku, hata mimi nimefutiwa. Hakuelewa. Kacheka kidogo lakini. Kidogo hicho nitakitunza.

Haijajulikana bado. Mkumbara hakuna aliyepiga simu.

Nimekuwa nikiufikiria ule ufagio wa Mbaruku. Ukiupanga umepangwa, haumwulizi mtu. Unafagia ya Asnath na yangu sawa sawa, haujui yapi makapi ipi mbegu. Si kosa lake. Ni wa kazi hiyo, na kazi hiyo ni njema, na sitaki ung'olewe.

Lakini mimi nilipanga wangu miaka kumi na moja kabla ya Mbaruku. Pale kizingitini. Nilisema mara moja tu: jina lako halitatajwa tena nyumbani kwangu. Sijarudia. Sikuhitaji. Tangu siku ile, likikaribia kutajwa, nyumba inajifagia yenyewe. Watu wanakohoa. Rukaya anainuka kuchukua maji. Yule mtoto! Alikuwa na miaka kumi na miwili, kajifunza kusema "yule" badala ya "mama." Mimi nikaona pasafi, nikadhani pana amani.

Hata mimi ningefanyaje. Nilikuwa nimemzika Mhina. Nilitaka mtu wa kumkasirikia aliye hai.

Jioni Rukaya kanijia. Kasimama, hakukaa. Kasema tona, wino wa mashine ya fotokopi, imeisha, ya Tanga si nzuri, anaomba aende Arusha siku tatu nne hivi. Basi la kesho, saa nane mchana.

Tona! Nimeona boksi mbili za tona chini ya kaunta, na zina maandishi, na maandishi nayasoma.

Sikuyasoma kwa sauti.

Nikasema nenda, mwanangu. Arusha kuna baridi. Beba sweta.

Jumapili, 27 Julai

Saa sita imepita. Naandikia magotini, chumbani kwetu. Rukaya anaoga. Begi lake lipo wazi kwenye mkeka.

Dorkasi kapiga asubuhi. Asnath kalala kwake, kalala na watoto kitanda kimoja. Yordani kafika, kanuna, kakalishwa. Bado wanaongea. Singida haijaamuliwa. Nikasema vizuri, waache waongee. Kaniuliza, na wewe? Nikasema mtandao unakatika.

Nimeliangalia begi lile. Sweta. Khanga. Nguo za kuswalia. Chini kabisa maboksi ya dawa ya kupunguza maumivu, na pedi za hospitali, na chupa ya chai. Vifaa vya kununulia tona!

Nimekwenda jikoni. Nimechota unga wa muhogo, ule wa Handeni niliotwanga mwenyewe, mweupe. Kilo kama mbili. Nimefunga kwenye khanga yangu ya bluu. Mwanangu hakuwahi kula ugali mwingine kwa furaha. Ugali wa muhogo, bada, bada, tangu hajaota meno. Akiumwa hali kitu, ukimpikia bada anakaa. Mtu akitoka kupasuliwa si lazima ale?

Nimeuweka juu kabisa kwenye begi. Juu. Sikuuficha.

Rukaya ataukuta akija kufunga. Ataniuliza, Bibi, unga wa nani huu? Nitasemaje? Tona haili bada.

Nimejaribu kulisema. Nimefunga mlango nikalisema ukutani. S imetoka. Zinazofuata zimegoma. Miaka miwili nafundishwa kuandika, kumbe kazi iko kwenye kusema. Na mimi nasema yote! Ninasoma mifuko ya sukari! Ninasoma siri za watu!

Nikilisema, atajua nilikuwa napita mlangoni kwake. Atajua najua. Atajua miaka yote kumi na moja ningeweza kulisema siku yoyote, hata Jumanne ya kawaida, na sikulisema. Labda atanikasirikia. Ana haki. Na Rukaya akilifikisha kule kabla ya kesho asubuhi, kabla hawajamlaza — kwamba mama kasema. Basi. Kwamba mama kalitaja.

Begi la pili lipo juu ya kabati. Langu. Nimelishusha, halafu nimelirudisha. Halafu nimelishusha. Sasa lipo kitandani, tupu, limefunguka mdomo.

Maji yameacha kumwagika bafuni. Anavaa kandambili. Nasikia.

Zamda. Ukirudi kwenye daftari hili usianze na safari, wala joto, wala mgongo. Hapa chini nimeacha mstari mmoja mtupu. Anza na huo. Andika jina lake lote, halafu uandike kama ulilitaja kwanza kwa mdomo. Kama hukulitaja, funga daftari, usiandike kitu.